Tangi la Maji Taka Kwenye Gari-Nyumba Kuukuu: Hesabu ya Siku Kati ya Sirari na Seronera

Gari-nyumba, yaani gari lililoundwa au kugeuzwa ili watu waweze kupika, kulala na kujisaidia humo humo wakiwa safarini, hubeba maji katika hali tatu: maji safi ya kunywa na kupikia, maji yaliyokwisha kutumika kuoshea vyombo na mwili, na maji ya chooni. Kila hali ina tangi lake, au ilipaswa kuwa nalo, na swali ambalo wanunuzi wa magari hayo yaliyochakaa huuliza kwanza ni tangi la choo linachukua lita ngapi. Swali hilo lina haki yake, lakini katika eneo lililo kati ya mpaka wa Sirari na lango la Ikoma, yaani katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, jibu lake halimfikishi msafiri mbali, kwa kuwa lita za tangi hupata maana pale tu zinapogawanywa kwa matumizi ya siku na kulinganishwa na mahali ambapo zitamwagwa bila kumdhuru mtu wala mto. Katika Ulaya na Marekani mahali hapo huwa si mbali, kwani vituo vya kumwagia maji taka ya magari vimo kwenye maeneo ya kupigia kambi na hata kwenye baadhi ya vituo vya mafuta. Katika wilaya hizi mbili msafiri hatakuta mtandao wa namna hiyo, na kinachobaki ni mashimo ya watu wengine.

Magari yenyewe si mengi, ila si mageni katika barabara hii. Tangu Tanzania ilipofunga mpaka wake na Kenya mwaka 1977, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikivunjika, njia ya Bologonja inayounganisha Maasai Mara na Serengeti moja kwa moja haijarudishwa kwa watalii, ingawa mipaka mingine ilifunguliwa mwaka 1983. Kwa hiyo anayetoka upande wa Maasai Mara na gari lake, asipotaka kuzunguka hadi Namanga na Arusha, hupitia Migori, Isebania na Sirari, kisha huingia Tarime. Kutoka hapo anaweza kufuata lami ya kuelekea Musoma hadi Makutano na kugeukia Natta, au kushika barabara ya Tarime, Nyamongo na Mugumu yenye urefu wa kilomita zipatazo 87, inayovuka Mto Mara kabla ya kufika makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Wasafiri wa masafa marefu wanaopita huko mara nyingi huendesha vyombo vya miaka mingi: Land Rover yenye hema la paani, basi dogo la Volkswagen lenye paa la kuinuliwa, au lori la Mercedes-Benz lenye pua lililojengewa sanduku la makazi mgongoni. Wanapenda magari makuukuu kwa sababu ya maana kabisa, kwamba injini isiyo na kompyuta hutengenezeka kwa fundi wa Tarime kama inavyotengenezeka kwa fundi wa Stuttgart. Tatizo ni kwamba mfumo wa maji wa gari hilo haukuzeeka vizuri kama injini yake.

Wahandisi huyaita maji ya vyombo na bafu maji ya kijivu, na maji ya chooni maji meusi. Majina hayo yanafuata rangi, lakini tofauti yenye uzito ni ya vimelea, kwani maji meusi hubeba bakteria, virusi na mayai ya minyoo kwa wingi usiolinganishwa na yale ya kijivu, ambayo shida yake kubwa ni sabuni, mafuta ya kupikia na mabaki ya chakula. Magari ya Kimarekani na yale ya Ulaya yalifuata njia mbili tofauti katika kuyahifadhi. Wamarekani waliweka chini ya sakafu tangi lisilotoka, ambalo katika magari mengi ya zamani lilikuwa la galoni 30 hadi 40, yaani takriban lita 115 hadi 150, galoni moja ya Marekani ikiwa na lita 3.785, nalo humwagwa kupitia valvu na bomba nene. Watengenezaji wa Ulaya, ambao magari yao ni mafupi zaidi, waliegemea choo cha kubebeka, aina iliyoenezwa na kampuni ya Thetford ya Michigan tangu mwaka 1968 ilipoanza kuuza Porta Potti, na baadaye kaseti, yaani sanduku dogo la plastiki la lita 17 hadi 20 linalochomolewa kupitia mlango wa ubavuni na kubebwa kwa mkono hadi chooni. Kuhusu maji ya kijivu, pande zote mbili zilichelewa: kabla ya miaka ya 1970 matrela na magari mengi ya kambi hayakuwa na tangi lolote kwa ajili yake, bali yalikuwa na kitundu tu, na maji ya vyombo yalidondoka ardhini pale gari liliposimama. Anayenunua gari la umri huo ananunua pia kitundu hicho.

Ujazo ulioandikwa katika kitabu cha gari nao haufai kuaminiwa bila kupimwa. Tangi la mstatili lenye urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 25 lina sentimita za ujazo 135,000, ambazo ni lita 135, lakini lita hizo zote hazitumiki, kwa sababu bomba la kuingizia na lile la kutolea hewa yanahitaji nafasi juu, tundu la kutokea mara nyingi liko juu kidogo ya sakafu ya tangi, na gari lililoegeshwa kwa mteremko hujaza kona moja huku nyingine ikiwa tupu. Baada ya kuondoa hayo, tangi la lita 135 huwa na lita zipatazo 115 za kutumika. Likiwa la miaka mingi hupungua zaidi, maana mtumiaji anayebania maji ya kusukumia, akiacha valvu wazi ili majimaji yatoke yenyewe, huacha kinyesi kikirundikana na kukauka chini ya tundu la choo kama kichuguu, na kichuguu hicho hakivunjwi na safari moja ya barabara mbovu kama inavyodhaniwa. Taa za kuonyesha kiwango, ambazo katika magari ya zamani hutegemea misumari ya chuma iliyopenyezwa ubavuni mwa tangi na kupitisha umeme pale maji yanapoigusa, hushindwa kwa namna ile ile: karatasi na utando hushika misumari, na taa husema tangi limejaa hata baada ya kumwagwa. Njia ya uhakika ni ya kizamani. Tangi husafishwa, valvu hufungwa, kisha maji humiminwa kwa ndoo ya lita 20 moja baada ya nyingine huku zikihesabiwa, na kila ndoo huwekewa alama kwenye kijiti kinachotumbukizwa kupitia tundu la choo, nacho hubaki kuwa kipimo cha kudumu.

Zoezi hilo hufichua pia uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lita 100 za maji safi, 60 za kijivu na 115 za chooni, kama zingejaa kwa pamoja, zingekuwa kilo 275, uzito wa watu wanne. Kwa kawaida hazijai pamoja, kwa kuwa maji hayaongezeki njiani bali huhama kutoka tangi moja kwenda jingine. Lakini katika magari mengi huhama kutoka katikati ya gari kwenda nyuma ya ekseli ya nyuma, na gari lililotoka Sirari likiwa na usawa mzuri huweza kufika Natta likiwa limeinua pua. Kwenye changarawe iliyojipanga mawimbi madogo ya kutikisa kila kitu, tangi lililojaa nusu lisilo na vizuizi vya ndani hupiga maji huku na huko, na mikanda ya chuma iliyoshikilia tangi hilo tangu kiwandani ndiyo hukatika mwanzo.

Hesabu ya siku ndiyo inayoamua. Watu wawili wanaojibana, wanaooga kwa kopo na kuosha vyombo kwa beseni, hutumia takriban lita 15 kila mmoja kwa siku, yaani lita 30 kwa pamoja, ambapo lita zipatazo nane hunywewa au hupotea kwa mvuke wa sufuria na zinazobaki, kama lita 22, huingia kwenye tangi la kijivu. Chooni, mtu mzima hutoa takriban lita moja na nusu ya mkojo na gramu mia mbili au zaidi za kinyesi kwa siku, kutegemea chakula chake. Wakienda msalani jumla ya mara kumi kwa siku na kusukuma kwa maji ya nusu lita hadi lita moja kila mara, tangi la chooni hupokea kama lita kumi kwa siku, na lita saba kati ya hizo zimetoka kwenye tangi la maji safi. Matokeo yake ni haya: tangi la maji safi la lita 100 huisha kabla ya siku tatu kutimia, tangi la kijivu la lita 60 hujaa karibu wakati huo huo, na tangi la chooni la lita 115, lile linaloulizwa kwanza na kusifiwa katika matangazo ya mauzo, huendelea kupokea hadi siku ya kumi na moja. Mwenye kaseti ya lita 18 anakabiliwa na hali iliyo kinyume, kwani yake hujaa kabla ya siku mbili.

Hesabu hiyo ikiwekwa juu ya ramani, safari ya siku tano inayoanza Sirari, ikalala Tarime na Mugumu, ikakaa Seronera, ndani ya hifadhi, siku mbili na kutoka kupitia lango la Naabi kuelekea Ngorongoro huzalisha lita zipatazo 110 za maji ya kijivu na lita 50 za maji ya chooni. Mwenye gari la Kimarekani anaweza kupita wilaya zote mbili bila kufungua valvu ya choo hata mara moja, lakini maji ya vyombo yatakuwa yameanza kumwagika siku ya tatu, wakati akiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1951 na yenye kilomita za mraba 14,763, ina kanuni ambazo hubadilisha mazoea yote ya msafiri wa nyikani. Kwingineko barani, watu wa malori ya safari ndefu, yakiwemo yale ya Bedford yaliyokuwa ya jeshi la Uingereza, walikuwa na utamaduni wa koleo: walibeba maji safi mengi, hawakubeba maji machafu hata kidogo, na kila mtu alichimba shimo lake la kina cha sentimita 15 hadi 20 mbali na mto. Ndani ya Serengeti koleo halina kazi, kwa kuwa mgeni haruhusiwi kushuka garini nje ya maeneo yaliyotengwa wala kuacha barabara, na simba aliyelala kwenye nyasi hasomi kanuni. Nje ya hifadhi, desturi ya abiria wa mabasi ya kuchimba dawa, yaani kujisaidia vichakani kando ya barabara, imekatazwa na mamlaka za Tanzania mara kwa mara, na mgeni mwenye choo chake garini hana udhuru wa kuirudisha. Katika maeneo ya kambi ya umma ya Seronera na Lobo kuna vyoo na mabafu ya pamoja, na msafiri mwenye busara huvitumia na kuliacha tangi lake lipumzike. Shida ni kwamba choo cha kukaa hakikujengwa kwa ajili ya kumiminiwa lita mia moja kwa mpigo, wala bomba lake halina mdomo wa kupokea bomba nene la gari.

Harufu nayo ina sehemu yake katika hesabu za ukanda huu. Kwenye misitu ya miti mifupi kutoka Ikoma kuelekea magharibi na kaskazini kuna mbung'o, ambao hulifuata gari linalokwenda, kwa hiyo madirisha hufungwa adhuhuri, jua likiwa kali. Joto huharakisha uozo ndani ya tangi, hewa za methani, amonia na haidrojeni salfaidi huongezeka, na kama bomba la hewa la paani limeziba kwa kiota cha nyigu au limekatika ndani ya ukuta, kama linavyokuwa katika magari mengi ya miaka arobaini, hewa hizo hurudi kupitia tundu la choo. Ndiyo sababu wenye magari humimina dawa ndani ya tangi, na hapo ndipo shida ya msafiri inapogeuka kuwa shida ya mwenyeji.

Miji midogo kama Tarime na Mugumu hutegemea vyoo vya shimo na matangi ya septiki ya nyumba kwa nyumba. Tangi la septiki ni chumba cha zege au matofali kilichozikwa ardhini, ambamo maji taka hutulia kwa muda wa siku moja au zaidi ili kinyesi kizame na mafuta yaelee, bakteria wasiohitaji hewa walile polepole lile tope la chini, na majimaji yaliyopungua uchafu yatoke kwenda kwenye shimo la kufyonza, yaani shimo lililojazwa mawe ambalo huyaachia ardhini. Mfumo wote unaendeshwa na viumbe hai. Baadhi ya dawa za tangi la gari, hasa za zamani zenye formaldehidi, hufanya kazi kwa kuwaua viumbe hao hao, ndiyo maana harufu hukoma. Zikimwagwa kwa wingi kwenye septiki ndogo, uozaji husimama, tope hupita bila kuoza hadi kwenye shimo la kufyonza, na mawe huziba. Mwenye nyumba ya wageni hutambua miezi kadhaa baadaye, mgeni akiwa yuko Malawi.

Hata bila dawa, ukali wa maji yenyewe unatosha kuleta madhara. Choo cha kusukuma cha nyumbani hutumia lita sita hadi tisa kila mara, wakati cha gari hutumia chini ya moja, kwa hiyo kilichomo ndani ya tangi la gari ni kizito mara kadhaa kuliko kile ambacho septiki imezoea. Lita 115 zilizokusanywa kwa siku kumi na moja na watu wawili ni kazi ya tumbo ya siku ishirini na mbili za mtu mmoja. Zikimiminwa kwa dakika tano kwenye septiki ya nyumba yenye watu sita, nyumba hiyo imepokea kwa mara moja mzigo ambao wakazi wake wangeuleta kwa karibu siku nne, pamoja na msukosuko wa maji unaofufua tope lililokuwa limetulia. Kwa hiyo tangi kubwa, ambalo katika barabara za Arizona ni fadhila, katika wilaya hizi huwa mtego: humpa mwenye gari uwezo wa kuahirisha, na kila anachoahirisha humfikia mwenye shimo dogo kikiwa kimekolea. Ujazo unaofaa ni ule ambao shimo la mwisho wa safari linaweza kuupokea, na kwa nyumba za kawaida za Tarime na Mugumu ujazo huo uko karibu zaidi na ndoo moja au mbili kwa siku kuliko lita mia.

Udongo nao una neno la kusema. Sehemu kubwa ya tambarare za magharibi na kaskazini mwa Serengeti ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika, na ukishavimba haufyonzi kitu. Shimo lililopokea maji bila tabu mwezi Agosti hufurika mwezi Aprili, na kwa kuwa mvua huongezeka kadiri mtu anavyosogea kaskazini magharibi, kutoka takriban milimita 500 kwa mwaka kwenye nyanda za kusini mashariki hadi zaidi ya 1,000 upande wa Mto Mara, kasoro hiyo ni mbaya zaidi upande huo wa mto. Kambi za kuhamahama zinazofuata nyumbu hadi Kogatende, kaskazini mwa hifadhi, kati ya Julai na Oktoba zimelijifunza hilo kwa vitendo, na ndizo zilizo na somo la kumpa mwenye gari-nyumba. Mgeni wa kambi hizo huogea kwa ndoo ya lita 20 hivi, iliyotundikwa nje ya hema na kujazwa maji ya moto anapoomba, kwa hiyo kiasi cha maji ya kijivu kinajulikana kabla hakijatokea. Hiyo ni akili ya kuanzia kwenye maji safi badala ya kutafuta tangi kubwa la machafu, na haihitaji kiwanda.

Mto mkubwa wa eneo hili ni Mara, unaotoka kwenye kinamasi cha Enapuiyapui katika Msitu wa Mau nchini Kenya, ukapita Maasai Mara na kaskazini mwa Serengeti, ukagawa vijiji vya Tarime na Serengeti, kisha ukatambaa ndani ya ardhioevu pana kabla ya kuingia Ziwa Victoria karibu na Kirumi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa, na ingawa waandishi wake hawakuwa na gari-nyumba akilini, kipimo hicho ni kizuri pia kwa anayetafuta pa kumwaga beseni la vyombo. Siku ya Mara, inayoadhimishwa na Kenya na Tanzania kila tarehe 15 Septemba tangu mwaka 2012, huwakumbusha watu wa pande zote mbili kwamba maji hayo yananywewa na watu na mifugo.

Hoja inayotolewa na baadhi ya wasafiri, kwamba lita hamsini za kinyesi cha binadamu si kitu mbele ya mizigo ya wanyama, inastahili kujibiwa kwa takwimu badala ya hasira. Ni kweli kwamba viboko wapatao 4,000 wa Mto Mara upande wa Kenya walikadiriwa na watafiti, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2015, kuingiza majini zaidi ya tani 36 za kinyesi kibichi kila siku, na kwamba nyumbu hufa maji kwa maelfu kila mwaka wakivuka. Lakini kazi hiyo hiyo ya utafiti iliendelea, na mwaka 2018 jarida la Nature Communications lilionyesha kwamba mvua inaposukuma madimbwi ya viboko kwenda chini, oksijeni ya mto hushuka na samaki hufa. Yaani mto umekwisha kuufikia ukomo wake kwa uchafu wa wenyeji wake wa asili, na nafasi ya kuongezea haipo. Machi 2022, maji ya mto huo katika eneo la ardhioevu yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa, na kamati ya kitaifa iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza kuwa chanzo. Matokeo hayo yalizua ubishi mkubwa nchini, kwa kuwa wengi walikuwa wakiutazama mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulio jirani na mto huo. Lakini hata aliyeyakataa hakuwa na sababu ya kutaka kinyesi kingine kiongezwe. Kuna tofauti moja zaidi ambayo wingi hauifichi: kinyesi cha kiboko hakibebi kipindupindu, cha binadamu chaweza kukibeba.

Kinachobaki ni nini cha kufanya na tangi lililopo. Magari ya zamani yana matangi ya chuma, ya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, au ya plastiki, na plastiki yenyewe ni ya aina mbili zisizotengenezwa kwa njia moja: ABS, ambayo ni ngumu na huungwa kwa gundi inayoyeyusha kingo zake, na polithini, ambayo hukataa karibu gundi zote na huhitaji kuchomelewa kwa joto, kazi ambayo fundi anayeziba ufa wa simtanki anaielewa. Tangi la chuma lililotoboka kwa kutu ni afadhali litolewe, na mara nyingi hilo ndilo jambo bora kwa gari zima, kwa sababu nafasi yake inaweza kupewa tangi la pili la maji ya kijivu, upungufu ambao hesabu ya siku tano imeuonyesha, likiwekwa chujio la kushika mabaki ya chakula na mafuta kabla hayajaingia.

Choo kinachochukua nafasi yake si lazima kiwe na maji. Choo cha kutenganisha, chenye sehemu mbili ndani ya bakuli moja, hupeleka mkojo mbele kwenye dumu na kuacha kinyesi nyuma kwenye ndoo yenye unga wa mbao au maranda, na kwa kuwa harufu kali ya tangi hutokana hasa na kuchanganyika kwa viwili hivyo, dawa huwa haina kazi tena. Watu wawili hujaza dumu la lita 20 kwa siku sita au saba; kinyesi chao kwa muda huo hakifiki kilo nne kabla ya kuongezewa maranda, na lita saba za maji safi zilizokuwa zikisukumwa kila siku hubaki za kunywa, jambo linalorefusha tangi la lita 100 kutoka siku mbili na saa kadhaa hadi siku tatu kamili. Mkojo hubeba sehemu kubwa ya nitrojeni ya uchafu wa mwili, hivyo ukihifadhiwa kwenye dumu lililofungwa kwa mwezi mmoja au zaidi ili vimelea vipungue, kisha ukazimuliwa kwa maji, unaweza kukubaliwa na mwenye migomba au mahindi. Ndoo ya kinyesi, iliyokauka nusu, huingia kwenye choo cha shimo kwa ruhusa ya mwenye choo bila kufurisha kitu, mradi kilichomo kimwagwe chenyewe na mfuko wa plastiki, kama ulitumika, usitupwe humo, kwa kuwa ndio unaojaza shimo kabla ya wakati wake na kumkwamisha atakayekuja kulinyonya.

Atakayeamua kubaki na tangi la kiwandani ana kazi ya kuangalia jambo moja kabla ya kuondoka Tarime, nalo ni mahali valvu ilipo. Katika magari mengi ya Kimarekani valvu na mdomo wa bomba vinaning'inia chini ya ubavu, chini hata ya tangi, mahali palipofaa kwa lami na hapafai kwa barabara yenye mawe na vivuko vya korongo. Kuipandisha kwa sentimita kumi na tano na kuikinga kwa bamba la chuma ni kazi ya nusu siku kwa fundi wa kuchomelea, na mfuniko wa pili wenye nyuzi, unaofungwa juu ya mdomo hata valvu ikiwa imefungwa, huzuia matone yasiachwe njiani pale mpira wa valvu unapokuwa umeliwa na miaka.